Dawa za Kuivisha Mpira: Kutoka Utomvu wa Porini Hadi Mbegu ya Mkulima

Leo tunakuomba uanze kwa kutazama vitu vilivyopo nyumbani kwako. Baiskeli imeegemea ukuta. Ina matairi mawili na tyubu mbili, na nyuma ya kiti umeviringisha mpira wa kufungia mzigo, uliokatwa katika tyubu kuukuu. Miguuni pengine umevaa makatambuga. Kama unakaa Mikumi karibu na barabara kuu, usiku kucha unasikia malori yakienda Iringa, Mbeya na Zambia, kila moja likitembelea matairi zaidi ya kumi. Sasa ingia stoo. Kuna mfuko wa mbegu za mahindi zilizotiwa rangi nyekundu. Kuna na pakiti ya unga wa njano unaouchanganya na maji kupulizia nyanya.

Je, umewahi kufikiri kwamba tairi la baiskeli na ule unga wa stoo ni ndugu? Ndiyo, ni ndugu wa ukoo mmoja. Baadhi ya dawa tunazotumia mashambani zilitoka kwenye viwanda vya mpira, ambako zilitumika kuivisha matairi muda mrefu kabla ya kufika kwenye mbegu. Historia hiyo inapita katika nchi yetu wenyewe, na inatuhusu kwa mambo mawili: bei ya mazao yetu na afya ya miili yetu. Haya, tuifuate hatua kwa hatua.

MPIRA MBICHI NA KASORO YAKE

Mpira asili yake ni utomvu. Ukikata gome la mti wa mpira hutoka maji meupe kama maziwa. Maji hayo yakiganda unapata kitu laini kinachovutika. Lakini mpira huo mbichi una kasoro kubwa: kwenye joto hulegea, hunata na kunuka, kwenye baridi hukakamaa na kupasuka. Tairi la mpira mbichi lingeondoka Kilosa asubuhi likiwa zima, na saa nane mchana likawa limeganda barabarani kama ulimbo wa kunasia ndege.

Kwa nini iko hivyo? Chukua ukili ambao haujashonwa. Kila utepe unateleza peke yake, ukivuta unachomoka. Mpira mbichi nao ndivyo ulivyo: ni nyuzi ndefu mno, ndogo zisizoonekana kwa macho, zimelala pamoja lakini hazijashikana. Ili upate mkeka lazima ushone. Kwa hiyo swali lililowasumbua watu kwa miaka mingi lilikuwa hili: uzi wa kushonea mpira ni kitu gani?

Watu wa kwanza kupata jibu walikuwa wakulima. Wenyeji wa Meksiko na nchi za jirani yake, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walichanganya utomvu wa mti wa mpira na maji ya mmea unaotambaa wenye maua meupe. Walipata mpira mgumu kiasi, unaoruka, wakatengeneza mipira ya kuchezea na kamba za kufungia mashoka ya mawe. Hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na macho ya kuangalia na subira ya kujaribu.

KIBERITI UPELE

Huko Marekani na Ulaya tatizo lilibaki hadi karne ya 19. Mmarekani Charles Goodyear alipoteza mali yake yote akihangaika na mpira. Mifuko ya posta aliyoitengenezea serikali ya nchi yake ililegea kwa joto ikawa haifai. Alifungwa kwa madeni. Mwenzake Nathaniel Hayward ndiye aliyekuwa ameanza kuchanganya mpira na salfa na kuuanika juani. Goodyear akanunua haki ya ugunduzi huo. Kisha mwaka 1839 mpira wenye salfa ukagusana na jiko la moto. Badala ya kuyeyuka ukaiva. Ukawa hauleti ulimbo kwenye joto wala haupasuki kwenye baridi.

Salfa hiyo si kitu kigeni kwako. Wazee wetu waliita kiberiti upele, ule unga wa njano uliouzwa madukani kwa ajili ya upele wa ngozi. Wakulima wa korosho wa Mtwara, Lindi na Pwani wanaipuliza kila msimu kuzuia ubwiriunga. Salfa ile ile, ikipata moto ndani ya mpira, inashika uzi huu na uzi ule na kuziunganisha. Ndiyo mshono wa mkeka wetu.

Goodyear alipata hati ya ugunduzi Marekani tarehe 15 Juni 1844. Lakini Uingereza alikuta ameshatanguliwa. Thomas Hancock wa London alikuwa ameviona vipande vya mpira wa Goodyear, akavichunguza, akagundua vina salfa, na mwaka 1843 akaomba hati yake. Rafiki wa Hancock akaipa kazi hiyo jina la Vulcan, mungu wa moto wa Warumi wa kale. Sisi hapa tutaiita kuivisha mpira. Goodyear alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni makubwa. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa baadaye na watu wengine kabisa.

Tukumbuke jambo moja hapa: kuiva huku hakurudi nyuma. Unga ukishakuwa ugali hauwezi kuurudisha kuwa unga. Ndiyo maana tairi kuukuu haliyeyushwi likafanywa jipya kama tunavyoyeyusha bati au aluminiamu ya masufuria. Unaweza kulikata makatambuga au ndoo ya kuchotea maji, basi.

MPIRA WA KWETU

Salfa ilipofungua njia, dunia ikawa na njaa ya mpira. Kwanza mabuti na makoti ya mvua, halafu matairi ya baiskeli, halafu ya magari. Mahitaji hayo yalifika hadi kwenye misitu ya Afrika ya Mashariki. Katika pwani yetu na bara yake kulikuwa na mitoweo ya mpira wa porini, mimea inayotambaa juu ya miti mikubwa, ambayo wataalamu wanaiita Landolphia. Aina moja imepewa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja. Katika miaka ya 1870 na 1880 mpira huo ulikuwa biashara kubwa, ukibebwa vichwani kutoka bara hadi bandari za kusini kama Kilwa na Lindi.

Mvunaji alikata mtoweo, akakinga utomvu, wakati mwingine akaupaka mkononi au kifuani mwake ukaganda kwa joto la mwili, kisha akauviringisha kuwa donge. Wengine waligandisha kwa maji ya chumvi au ndimu. Madonge hayo yalikuwa na magome na mchanga ndani, mengine kwa bahati mbaya na mengine kwa makusudi ili uzito uongezeke. Huko Ulaya yakaitwa mpira hafifu. Mpira safi wa Brazil ulilipwa bei ya juu, wa Afrika bei ya chini.

Wajerumani walipoitawala nchi hii walileta mti mwingine, mpira wa Ceara kutoka Brazil, ndugu wa muhogo. Waliuchagua kwa sababu unavumilia ukame kuliko mpira mkubwa wa Amazoni unaotaka mvua karibu mwaka mzima. Mashamba yalifunguliwa Tanga, Pangani na Muheza, na upande wa Morogoro pia. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kimamba na Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mpira na katani ndiyo yaliyokuwa mazao makubwa ya mashamba ya walowezi.

Katika shamba la Lewa, bara ya Pangani, walibuni njia yao ya kugema. Gome la mti lilipakwa asidi au maji ya ndimu, kisha likachomwachomwa kwa kisu. Utomvu ukitoka unaganda pale pale juu ya gome, mgemaji anauvua kama uzi na kuuviringisha. Njia hiyo ilikuwa ya haraka, lakini mpira wake ulibeba vipande vya gome na uchafu. Tena ukaitwa hafifu.

SIRI YA MWAKA 1906

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu.

Kuivisha mpira kwa salfa peke yake ni kazi ya polepole. Kilo 100 za mpira zilihitaji kilo 8 hivi za salfa na saa 5 kwenye joto la nyuzi 140. Wenye viwanda walijua tangu zamani kwamba ukiongeza chokaa, magnesia au oksidi ya risasi kazi inakwenda upesi kidogo. Ukiongeza oksidi ya zinki, ule unga mweupe, saa 5 zinapungua kuwa kama 3. Lakini mpira hafifu ulikuwa na tatizo zaidi: uliiva taratibu, tena uliiva vibaya.

Mwaka 1906, katika kiwanda cha Diamond mjini Akron, Marekani, mkemia George Oenslager alipewa kazi maalumu: atafute namna ya kuufanya mpira wa bei rahisi wa porini, pamoja na ule wa Afrika, uive sawa na mpira bora wa Brazil. Akajaribu dawa nyingi. Akaona kwamba anilini, kitu kilichokuwa kinatumika kutengeneza rangi za nguo, inaharakisha sana kuiva, na mpira hafifu unatoka na nguvu. Anilini ni sumu ya kudhuru wafanyakazi, kwa hiyo akahamia kwenye dawa ya unga iliyotengenezwa kutokana nayo.

Dawa hizi tuziite viharakishi. Kazi yake ni kama ya mshenga. Salfa na mpira ni kama kijana na binti: wakiachwa peke yao wataelewana, lakini itachukua muda mrefu. Mshenga anapoingia kati, mambo yanakwisha upesi na kwa utaratibu.

Wenye kiwanda walifanyaje na ugunduzi huo? Waliuficha. Kwa miaka kadhaa mapishi yale yalibaki siri ya viwanda vichache. Fikiri maana yake, ndugu mkulima. Mpira wa porini uliendelea kununuliwa kwa bei ya mpira hafifu, na kumbe ndani ya kiwanda, kwa dawa kidogo, ulikuwa unageuka kuwa tairi zuri. Aliyejua siri alinunua rahisi akauza ghali. Aliyekata mtoweo porini hakuambiwa kitu. Mzani wake ulionyesha uzito na uchafu tu, haukuonyesha thamani ya kile ambacho mpira wake ungeweza kuwa.

Siri haikudumu. Wajerumani wa kampuni ya Bayer nao wakapata hati za viharakishi vyao mwaka 1912. Mwaka 1921 wakemia wa Marekani na wa Italia wakagundua kiharakishi kingine chenye nguvu zaidi, ambacho ukoo wake unatumika katika matairi hadi leo. Na katika miaka hiyo hiyo ya karibu na 1920 likatokea kundi linaloitwa thiuramu. Shika jina hilo, tutarudi kwake.

NDANI YA TAIRI KUNA NINI?

Pengine utauliza: basi tairi la leo lina nini hasa? Mapishi hutofautiana, lakini kwa kila kilo 100 za mpira, kwa kawaida utakuta hivi. Salfa kilo 2 hivi, mshono wenyewe. Oksidi ya zinki kilo 3 hadi 5, na asidi ya mafuta kilo 1 au 2. Hizi mbili zinamwandalia mshenga kikao. Kiharakishi kilo 1 hivi. Dawa ya kuzuia mpira usizeeke kwa jua na hewa, kilo 1 au 2. Mwisho masizi maalumu, kilo 40 hadi 50.

Masizi hayo ndiyo yanayolifanya tairi kuwa jeusi. Zamani matairi yalikuwa meupe au ya kijivu kwa sababu ya zinki. Mwaka 1904, katika kiwanda cha Silvertown mjini London, iligunduliwa kwamba masizi laini yanaupa mpira ugumu wa kustahimili msuguano. Tangu hapo tairi jeusi likashinda.

Angalia tena: salfa imepungua kutoka kilo 8 hadi 2, na saa zimegeuka kuwa dakika. Hiyo ndiyo kazi ya viharakishi. Hata fundi wa pancha pale Mikumi anatumia elimu hii. Anakwangua tyubu, anapaka gundi, anaweka kiraka cha raba mbichi, kisha anabana kwa chuma cha moto. Moto ule hauyeyushi kiraka. Unakiivisha kikashonana na tyubu. Ndiyo maana akikitoa mapema kinabanduka, na akichelewa kinaungua.

KUANGUKA NA KUINUKA

Tumrudie mkulima wa mpira. Mwaka 1910 bei ilipanda hadi zaidi ya shilingi 12 kwa ratili moja mjini London. Kila mlowezi akataka kupanda mpira. Lakini mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa ameshachukua mbegu 70,000 za mpira mkubwa kutoka Brazil, na miche iliyotokana nazo ilikuwa imejaa Malaya na Ceylon. Mashamba hayo yalipoanza kutoa mazao, soko likafurika. Mwaka 1913 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 3. Mpira wa Ceara, mchafu na ghali kugema, haukuweza kushindana. Mashamba yakaachwa, mengine yakapandwa katani.

Vita Kuu ya Pili ikauamsha tena. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942, Waingereza walipoteza mpira wa Malaya, wakakumbuka miti iliyokuwa imeachwa vichakani Tanganyika. Watu walilazimishwa kwenda kuigema. Vita vilipokwisha, miti ikaachwa tena.

Lakini mti haukupotea. Katika mkoa wetu wa Morogoro na pwani bado unauona kwenye nyua, na majani yake tunayapika: kisamvu cha mpira, kinachopondwa vizuri na kuchemshwa sana ili sumu yake itoke. Tena katika miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha Amani, Usambara, waliuchanganya na muhogo ili kupata mbegu zinazovumilia batobato na michirizi. Uzao wa kazi hiyo umo hadi leo katika aina nyingi za muhogo barani Afrika.

Baada ya uhuru, taifa lilijaribu kushika kamba yote, kuanzia utomvu hadi tairi. Kiwanda cha General Tyre kilianza kazi Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpira mkubwa ukapandwa Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga katika bonde la Kilombero. Kutoka Mikumi ukishuka barabara ya Kidatu kuelekea Ifakara, uko njia ya kwenda Kalunga. Huko utomvu huchujwa, hugandishwa kwa asidi, hufanywa shuka na kukaushwa kwa moshi. Kiwanda cha Arusha kilisimama kabla ya muongo wa 2000 kwisha. Miti ya Kihuhwi na Kalunga ilibaki bila kiwanda hicho, na mkulima anaelewa vizuri maana ya zao kuwa na soko lililofungwa.

KUTOKA KIWANDANI HADI SHAMBANI

Sasa tulirudie lile kundi la thiuramu.

Katika miaka ya 1930, watafiti Tisdale na Williams wa kampuni ya Du Pont ya Marekani walichukua dawa za kuharakishia mpira wakazijaribu juu ya ukungu unaoshambulia mimea. Wakaona zinaua ukungu. Hati yao ilitolewa mwaka 1934. Moja ya dawa hizo ndiyo thiramu, unga uliokuwa ukiivisha matairi, ambao sasa ukaanza kupakwa kwenye mbegu ili zisioze udongoni kabla ya kuota. Baada yake ukafuata uzao mzima: nabamu, zinebu, manebu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mankozebu, yaani ule unga wa njano unaopulizia nyanya zako dhidi ya bakajani. Hata salfa yenyewe, mama wa kazi yote, ilikuwa imetangulia shambani.

Thiramu ilipokelewa kwa furaha, tena kwa sababu nzuri. Kabla yake mbegu nyingi zilipakwa dawa za zebaki, ambazo ni sumu kali mno. Mwaka 1971 na 1972, huko Iraki, familia za wakulima zilikula ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa hospitalini, na kwa hesabu ya serikali 459 walikufa. Ngano ilikuwa imetiwa rangi kama onyo, na maandishi yalikuwa kwenye magunia, lakini kwa lugha ambayo wakulima hawakuisoma. Wengine waliosha rangi wakadhani wameosha sumu. Rangi ilitoka, sumu ikabaki.

Thiramu si kali kama zebaki. Lakini nayo ina tabia yake, na tabia hiyo iligunduliwa kwanza na wafanyakazi wa viwanda vya mpira, kwa miili yao.

Mwaka 1937 daktari mmoja wa kiwanda huko Marekani aliandika jambo la ajabu. Wafanyakazi walioshika dawa za thiuramu walikuwa hawawezi tena kunywa pombe. Mtu akionja bia kidogo, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, anatapika. Sababu ni kwamba dawa hiyo inazuia mwili kuimaliza pombe. Inabaki nusu njia ikiwa sumu. Mwaka 1948 madaktari wa Denmark walitangaza dawa ya kuwasaidia walevi kuacha, iliyotokana na ndugu wa karibu wa thiramu. Dawa hiyo bado inatumika hospitalini, na mgonjwa huonywa kwamba nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili.

Sasa tujiulize. Ni mara ngapi mkulima ametoka kupanda mbegu zilizopakwa dawa, mikono mitupu, vumbi jekundu hadi kwenye viwiko, akapitia kilabuni kupoza koo kwa pombe? Akianguka, watu husema ni malaria, au pombe ilikuwa mbaya, au karogwa na jirani. Kumbe huenda ni kile kile kilichowapata wafanyakazi wa matairi. Kama dawa aliyoishika ni ya ukoo huu, aliyeiona pakiti anaweza kumwokoa kwa kuipeleka kwa mganga wa zahanati.

TUFANYE NINI?

Kwanza, usomwe mfuko kabla haujafunguliwa. Tafuta jina la kiambato, yaani dawa yenyewe iliyomo, siyo jina la biashara tu. Majina ya biashara ni mengi, dawa ni ile ile. Kama huwezi kusoma, mwite kijana wa shule akusomee kwa sauti. Kukisia kwa rangi hakutoshi.

Pili, mbegu iliyopakwa dawa ni ya kupanda tu. Usiile, usiwape kuku, usiisage, hata kama njaa imebisha mlangoni, na hata kama umeiosha mara saba. Mfuko wake usiwekewe unga wala chumvi.

Tatu, vaa glovu unapopanda, osha mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara, na usiguse pombe siku hiyo wala siku kadhaa kabla na baada yake. Kama glovu au mabuti ya mpira yanakuwasha ngozi, jua kwamba mara nyingi ni mabaki ya viharakishi ndani ya mpira wenyewe. Badilisha aina, usivumilie vidonda.

Nne, usichome tairi kuukuu. Umeshajua yaliyomo: salfa, zinki, masizi na dawa nyingine. Moshi wake unakaba kifua cha mtoto, na majivu yake si mbolea.

Tano, jua kwamba dawa iliyoruhusiwa jana inaweza kuzuiwa kesho. Zamani mbegu zilipakwa thiramu ikichanganywa na lindeni. Mwaka 2009 mataifa yalikubaliana kuiondoa lindeni katika kilimo. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea na thiramu mwaka 2018 na mankozebu mwaka 2020, kwa kuhofia afya ya watu na viumbe. Hapa kwetu mwenye kusema ipi inaruhusiwa ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Muulize bwana shamba wako. Wakulima wa Kilosa mna bahati, kituo cha utafiti cha Ilonga kipo mlangoni kwenu. Msione haya kwenda kuuliza.

Ndugu mkulima, yule mvunaji wa porini aliuza donge lake bila kujua litakavyoivishwa, akapunjwa bei. Mfanyakazi wa kiwanda aliivisha bila kujua anachoshika, akaumia. Sisi leo tunanunua dawa iliyotoka katika kazi za watu hao wawili. Pakiti ikifika mkononi, swali ni lile lile ambalo wao hawakupewa nafasi ya kuliuliza: ndani yake mna nini, na kitanifanya nini? Ukimwuliza muuza duka na asijibu, usinunue.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni mazao gani ya kijiji chetu yanayonunuliwa kwa bei ya "hafifu"? Je, tunajua mnunuzi anayafanyia nini baadaye?

2. Kila mmoja alete pakiti moja ya dawa kutoka nyumbani. Someni pamoja jina la kiambato, onyo na tarehe ya mwisho. Ni pakiti ngapi ambazo hatukuwahi kuzisoma?

3. Mbegu zilizobaki baada ya kupanda tunazihifadhi wapi? Je, watoto wanafika hapo?

4. Nani katika kikundi chetu atakwenda kwa bwana shamba kuuliza dawa zinazoruhusiwa msimu huu, na ataleta jibu lini?

Kazi njema shambani.